Uovu Ulitoka Wapi? Mafundisho ya Kikristo kuhusu Asili ya Uovu na Mateso

Mwezi Mei 2015, maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini Burundi walisongamana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika kaskazini mwa mji wa Kigoma, na huko kipindupindu kikawakuta. Tukio kama hilo humrudisha Mkristo kwenye swali la kale: ikiwa Mungu ni mwema na tena ni mwenyezi, maovu haya yametoka wapi? Wanateolojia hutofautisha uovu wa kimaadili, unaotokana na uamuzi wa watu, na uovu wa kimaumbile, kama vile maradhi na tetemeko la ardhi. Kagunga aina hizo mbili zilishikana, kwa sababu bakteria wa kipindupindu hawana nia mbaya na mtu yeyote, lakini wasingefukuzwa makwao, wakimbizi wale wasingerundikana ufukoni bila vyoo wala maji salama.

Jibu lililoathiri zaidi Ukristo wa Magharibi lilitolewa na Augustino (354–430), mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo. Ujanani alikuwa mfuasi wa dini ya Mani, iliyofundisha kwamba nuru na giza ni asili mbili zinazopigana tangu milele. Aliiacha, akafikia msimamo kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni kupungua au kuharibika kwa wema uliopaswa kuwapo. Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, ufuko wa wavuvi mjini Kigoma, ataelewa upesi: dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka huoza, lakini hakuna mtu aliyewahi kuvua uozo ziwani, kwa maana uozo hauna mwili wake na huishi kwa kumla dagaa. Kwa hiyo Mungu, aliyeona kila alichokiumba kuwa chema sana, si muumba wa uovu.

Matokeo ya fundisho hili kwa habari ya shetani hayasisitizwi vya kutosha. Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika mwaka 1215, ulitamka kwamba ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, wakawa waovu kwa kujitakia wenyewe. Shetani, basi, ni kiumbe. Mhubiri anayemsimulia kana kwamba yeye na Mungu wanavutana kamba kwa nguvu sawa, anamrudisha Mani kanisani kwa mlango wa nyuma.

Lakini kiumbe aliyeumbwa mwema aliwezaje kuchagua ubaya? Simulizi la Mwanzo sura ya 3 linamwonyesha nyoka akiwa tayari bustanini, bila kueleza hila yake ilianzia wapi. Augustino alijibu kwamba hiari ndiyo iliyogeuka, na kwamba kutafuta chanzo kingine nyuma ya hiari ni sawa na kutaka kuliona giza kwa macho. Askofu Irenei wa Lyon, aliyemtangulia kwa karne mbili, alimwona binadamu wa kwanza kama mtoto asiyekomaa bado, aliyehitaji kukua. Kwa maoni yangu Irenei anamsaidia zaidi mzazi anayelea, ingawa yeye pia halimalizi swali.

Mkanganyiko mkubwa huanza pale fundisho kuhusu asili ya uovu linapogeuzwa kuwa njia ya kumsaka mwenye hatia katika kila msiba. Katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania wako vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Mkristo anayeunga mkono tuhuma hizo hana pa kusimama katika Injili. Mnara wa Siloamu ulipoanguka na kuua watu 18, Yesu alikataa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Na wanafunzi walipomuuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake (Yohana 9).

Msibani tunayasikia sana maneno ya Ayubu kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hayo ni ya sura ya 1. Sura ya 3, ambamo mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, husomwa mara chache, na wafiwa hubaki wakidhani kwamba kulalamika ni kukosa imani. Rafiki zake watatu walikaa naye kimya siku saba, kisha wakaanza kumshawishi kwamba bila shaka amekosa mahali fulani. Mwishoni ni hao wanaokemewa na Mungu, si mlalamikaji. Naye Ayubu, ingawa alirudishiwa mali mara mbili ya ile aliyokuwa nayo kwanza na kupata watoto wengine, hakuambiwa kamwe sababu ya mateso yake, ambayo msomaji ameijua tangu ukurasa wa kwanza.