Dozi Imebadilishwa, Hali Imeyumba: Maswali Kutoka Kliniki ya Akili, Kigoma

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Kigoma. Maswali mengi ya kweli huulizwa mlangoni: mgonjwa ameshatangulia nje na dawa zake, ndugu yake anarudi kuuliza kwa sauti ya chini. Nimeyakusanya yanayojirudia.

Mume wangu alikuwa ameanza kulala na kucheka na watoto. Daktari akapunguza dozi, wiki ya pili usingizi ukapotea. Tumerudi mwanzo?

Hapana, mama. Daktari anapopunguza dozi anatafuta kiwango kidogo kinachomtosha mume wako, na kwa dawa nyingi za akili hakuna kipimo cha damu kinachotaja kiwango hicho mapema. Inabidi kujaribu na kuangalia. Hali ikiyumba, mara nyingi daktari huirudisha dozi ya awali, mgonjwa akatulia nayo kwa muda, kisha ikashushwa polepole zaidi. Lakini uamuzi huo aufanye daktari. Nyumbani msikate kidonge kwa wembe wala msiongeze nusu kwa kuotea.

Angalieni pia mabadiliko yalianza lini. Siku chache tu baada ya dawa kupunguzwa, mtu akipata kichefuchefu, jasho, kizunguzungu na ndoto nzito, huenda ni mwili unaoizoea hali mpya. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hurudi taratibu, kwa wiki kadhaa, na dalili zake mnazijua: kujitenga, kutooga, kusikia sauti, maneno mengi usiku. Wakati mwingine dalili hizo huchanganyika, hata sisi hutuchukua muda kuzitenganisha.

Hapo daftari husaidia kuliko kumbukumbu. Mke wa mvuvi mmoja wa Kibirizi alituletea daftari la hesabu za dagaa. Kushoto kuna ndoo na bei, kulia ameandika kwa kalamu nyekundu: "J3 kalala saa 4, kaamka saa 8. J4 hakulala." Tuliposoma kurasa tatu tukaona usingizi unapotea siku za giza tu, wavuvi wanapotoka na taa usiku kucha. Mbalamwezi ikiwaka, akiwa nyumbani, analala vizuri. Tukamuuliza mwenyewe kwa upole. Akasema usiku wa kazi anaruka kidonge, anaogopa kusinzia na kuangukia ziwani. Hofu yake ilikuwa ya haki kabisa. Dozi haikuwa na kosa. Daktari alihamishia kidonge asubuhi, akisharudi nchi kavu na kula, kabla ya kulala. Tungeongeza dozi bila kuliona lile daftari, tungemlewesha bure.

Mdogo wangu ameanzishiwa haloperidoli, dawa ya anayesikia sauti. Siku ya tatu shingo ikapinda, macho yakabaki yanatazama juu. Majirani wanasema amerogwa.

Mleteni hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Hayo ni madhara ya dawa: misuli imekaza. Hutokea zaidi siku za mwanzo au dozi inapopandishwa, na vijana wa kiume huyapata zaidi. Ipo dawa ya kuyatuliza, na ikitolewa kwa sindano shingo hulegea ndani ya muda mfupi. Inatisha kuiona, najua. Baada ya hapo daktari atapunguza dozi, atabadilisha dawa au ataongeza kidonge cha kuzuia kukaza.

Mwili ukikaza wote huku mtu ana homa kali, jasho na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura kubwa zaidi. Msimpe dozi inayofuata, mkimbizeni hospitali.

Nina sonona, huzuni nzito isiyoniacha. Wiki ya kwanza ya fluoksetini najisikia vibaya kuliko nilivyokuwa.

Pole sana. Dawa hizi zina tabia hiyo ngumu: kichefuchefu na wasiwasi hutangulia, nafuu huanza kuonekana wiki ya pili hadi ya nne, wengine hadi ya sita. Wengi huacha hapo katikati, na hilo huniuma. Ila yakikujia mawazo ya kujiua, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu leo, aje ukae naye na mwende hospitali. Nyumbani watoe sumu ya shambani, na dawa zitunzwe na mtu mwingine. Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu zaidi wiki hizi za mwanzo.

Akisahau kidonge?

Ameze akikumbuka. Kama muda wa kidonge kingine umekaribia, aendelee na hicho. Asimeze viwili kufidia.

Sisi ni wa Ujiji, Ramadhani inakaribia.

Njooni kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi zinaweza kupangwa futari na daku. Anayetumia lithiamu asifunge kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu mwili ukikauka maji dawa hiyo hupanda kwenye damu na kudhuru.

Mama mkubwa anasema tuache vidonge, twende kwenye maombi.

Maombi yaendelee, hayagombani na dawa. Kuacha ghafla ndiko kunakovunja watu. Kwa dawa kama kabamazepini au valproeti kunaweza kuleta hata degedege. Kama kuna mitishamba anakunywa, tuambieni tu. Hatutawagombeza.

Siku akiyumba, nimwambie nini?

Usimwambie "umeanza tena." Anayameza maneno hayo pamoja na vidonge. Mtajie ulichokiona: "Kaka, naona usiku wa tatu huu hulali. Twende tukaonane na daktari kesho?" Akikubali, bebeni kadi, daftari na pakiti zote za dawa, hata zilizokwisha.