Buluu ya Bluetooth si ya Taa

Katika vibanda vya simu vya katikati ya Kampala, mteja anayenunua spika ndogo huweza kuelezwa kwamba Bluetooth imeitwa hivyo kwa sababu ya taa ya buluu inayomemeta kifaa kinapotafuta simu, na kwamba taa hiyo ndiyo inayobeba muziki. Maelezo hayo yanavutia, lakini yote mawili si kweli. Funika taa hiyo kwa kidole au kwa kipande cha kitenge: wimbo utaendelea bila kukatika, kwa kuwa sauti husafirishwa na mawimbi ya redio ya takriban gigahazi 2.4, ambayo jicho haliyaoni.

Jina lenyewe linatokana na mfalme. Harald, aliyetawala Denmark katika karne ya 10 na kuiunganisha na Norwei, alikuwa na lakabu yenye maana ya Jino la Buluu, yaani Bluetooth kwa Kiingereza, na husimuliwa (ladha ya hadithi hapa inazidi ushahidi) kwamba alikuwa na jino bovu lililobadilika rangi. Mwaka 1996 Jim Kardach, mhandisi wa Intel, alipendekeza jina hilo wakati kampuni yake ilipokuwa ikijadiliana na Ericsson na Nokia, kwani teknolojia hiyo ilikusudiwa kuunganisha vifaa kama mfalme alivyounganisha watu. Lilikuwa jina la muda tu. Majina yaliyotarajiwa kushika nafasi yake yalikwama, nalo likabaki. Hata ile alama inayofanana na herufi B yenye mikia miwili upande wa kushoto ni herufi mbili za kale za Skandinavia, H na B, zilizounganishwa pamoja.