Kuziba kipokezi cha seli ya saratani: maana yake na mipaka yake

Kipokezi ni protini ya seli yenye umbo la kunasa kitu kimoja maalumu kinachoifikia, kwa mfano homoni. Kikishanasa, seli inapata amri ya kukua, kugawanyika au kuhama. Seli zenye afya zinavyo vipokezi pia. Baadhi ya seli za saratani huwa navyo kupita kiasi, au huishi kwa kuvitegemea.

Chukua gati la Nansio, Ukerewe, na tuseme lina nafasi ya chombo kimoja tu. Meli ikifunga kamba, shehena inashuka. Siku mtumbwi mtupu ukiwahi nafasi hiyo, meli itabaki inaelea na mzigo wake. Haijazamishwa, imekosa pa kushushia. Dawa ya kuziba kipokezi ndiyo mtumbwi huo. Na kwa kuwa meli hazikomi kuja, mtumbwi nao lazima uwepo kila siku. Ndiyo maana tamoksifeni, kidonge cha saratani ya titi kinachoziba kipokezi cha homoni ya estrojeni, humezwa miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Kuacha mwaka wa pili kwa sababu uvimbe "umeisha" ni kuliacha gati wazi.

Hapa watu wengi huelewa vibaya: kuziba hakuifungi seli isitembee. Chembe zilizokwisha kutoroka kwenda mfupani au kwenye mapafu zinanyimwa amri ya kuzaliana, zikadumaa au kufa. Vipo vipokezi vinavyoielekeza seli pa kwenda, kama CXCR4, lakini kukiziba hicho bado si tiba ya kawaida ya saratani ya titi.

Vipokezi havikai mahali pamoja. Cha estrojeni kiko ndani ya seli, hivyo kinafikiwa na molekuli ndogo ya kidonge. HER2, kipokezi kingine cha saratani ya titi, kimejitokeza juu ya utando wa seli, na dawa yake, trastuzumabu, ni protini kubwa ambayo ingemeng'enywa tumboni. Hutolewa kwa dripu au sindano ya chini ya ngozi, kwa kawaida kila baada ya wiki 3. Ya dripu huchanganywa na maji ya chumvi. Ikichanganywa na maji ya glukosi, protini huganda na kushikamana. Moyo wa mgonjwa nao hupimwa kwa eko (picha ya mawimbi ya sauti) kabla ya kuanza na kila baada ya miezi 3 hivi, kwa sababu misuli yake inaweza kudhoofika.

Dawa hizi hazina kazi pasipo na kipokezi, kwa hiyo kila kitu kinategemea kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kupimwa maabara. Nacho huharibika kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Kiingizwe kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 ndani ya saa 1, fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wake, kikae humo saa 6 hadi 72. Kinyama kinachovushwa ziwani kuja Mwanza ndani ya kichupa cha maji ya chumvi huanza kuoza njiani. Vipokezi vikiharibika, maabara itaandika "hasi", na mgonjwa aliyestahili tamoksifeni ataikosa. Kwa estrojeni, hata asilimia 1 ya seli za saratani zikionyesha kipokezi, jibu ni chanya. HER2 husomwa 0 hadi 3+. 2+ si jibu bado, inahitaji kipimo cha jeni.

Anayetumia tamoksifeni aseme mapema akianzishiwa dawa za TB: rifampisini hulifanya ini liiondoe tamoksifeni haraka mno. Asishike mimba, na uzazi wa mpango uwe wa kondomu au kitanzi cha shaba, si sindano wala vijiti vya homoni. Jambo la ajabu ni kwamba kidonge hichohicho kinachoziba kwenye titi huchochea ukuta wa mji wa mimba. Damu ikitoka ukeni baada ya kukoma hedhi, aende hospitali. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, aende siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda.

Ipo siku dawa hugoma ingawa mgonjwa hajaruka dozi. Kipokezi cha estrojeni kinaweza kubadilika jeni kikatoa amri chenyewe, gati likawa linajishushia mzigo bila meli. Au saratani iliyohamia kwenye ini haina tena kipokezi kilichoonekana kwenye titi. Ndiyo sababu daktari huomba kinyama kipya kutoka pale ilipohamia, badala ya kutegemea karatasi ya miaka 4 iliyopita.