Biggie hana Grammy, Marley hana Grammy: tunayoyaamini kuhusu tuzo na yalivyo kweli

"Kama alikuwa mkali kiasi hicho, mbona hana Grammy?" Swali hili kuhusu Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, hutumika kumzima mtu anayewatetea wachanaji Biggie na 2Pac, au Bob Marley wa reggae, na wengi hunyamaza kwa sababu ni kweli: kati ya hao watatu hakuna aliyeshinda Grammy ya kushindaniwa. Kosa liko kwenye hitimisho. Tuzo hutolewa ndani ya kipengele maalumu, kwa kazi iliyotoka ndani ya kipindi maalumu, na watu maalumu wenye kura. Ukisahau mambo hayo, utamhukumu msanii kwa mtihani ambao hakuwahi kupewa.

Mtazame Nas, rapa wa Marekani. Albamu yake ya Illmatic ilitoka Aprili 1994, na mpaka leo wapenzi wa hip hop huitaja kila inapozungumzwa albamu bora ya aina hiyo. Haikupata Grammy ya Albamu Bora ya Rap kwa sababu kipengele hicho hakikuwepo. Kilitolewa kwa mara ya kwanza 1996, wakakichukua Naughty by Nature. Nas mwenyewe alisubiri hadi Machi 2021 ndipo akapata Grammy yake ya kwanza, kwa King's Disease, baada ya kuteuliwa na kutoka kapa mara nyingi. Ya Marley ni hayohayo. Yeye alifariki Mei 1981. Kipengele cha reggae kikaanza 1985 na Black Uhuru wakaondoka nacho. Marley alikuja kupewa tuzo ya heshima ya maisha mwaka 2001, ambayo haishindaniwi.

Biggie ndiye anayeniuma zaidi, maana yeye vipengele alivikuta. Hafla ya Februari 1998 ilifanyika kabla haujatimia mwaka tangu auawe. Albamu yake ya Life After Death ilikuwa inawania albamu bora ya rap, ikaangushwa na No Way Out ya Puff Daddy, mtu aliyekuwa bosi wake. Kwenye kipengele cha rap ya kundi au wawili, "Mo Money Mo Problems" yenye sauti ya Biggie ilishindwa na "I'll Be Missing You", wimbo uliotungwa kumwomboleza Biggie huyohuyo. Wapiga kura waliutuza msiba wake, kazi yake wakaiacha.

"Rapa hawajali tuzo"

Hili nalisikia sana, na linawakosea heshima. Grammy zilianza 1959, lakini rap haikupewa kipengele hadi 1989, tena kimoja tu. Walioteuliwa walikuwa DJ Jazzy Jeff na The Fresh Prince, LL Cool J, Salt-N-Pepa, Kool Moe Dee na J.J. Fad. Kisha waandaaji wakaamua kwamba kipengele hicho kisionyeshwe kwenye televisheni. Jazzy Jeff na Fresh Prince, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Will Smith, wakasusa. LL Cool J akasusa, Salt-N-Pepa wakasusa. Kool Moe Dee alikwenda. Tuzo ya kwanza kabisa ya rap ikawaendea Jazzy Jeff na Fresh Prince kwa "Parents Just Don't Understand", wao wakiwa hawapo ukumbini. Watu hawasusii kitu wasichokijali. Walikuwa wanadai kazi yao ionekane kama ya wenzao.

Na bado mlango mkuu ni mwembamba. Hadi hafla ya 2025, albamu za hip hop zilizobeba Albamu Bora ya Mwaka zilikuwa mbili: The Miseducation of Lauryn Hill mwaka 1999, na Speakerboxxx/The Love Below ya OutKast mwaka 2004. Zote mbili zina uimbaji mwingi ndani yake, na sidhani kama hilo ni bahati tu. Ilibidi ifike 2019 ndipo wimbo wa rap, "This Is America" wa Childish Gambino, utwae Rekodi ya Mwaka na Wimbo wa Mwaka.

Safari ya rapa Kendrick Lamar inaonyesha jinsi mambo haya yanavyoyumba. Mwaka 2014 aliteuliwa mara 7, akarudi mikono mitupu. Albamu bora ya rap ilikwenda kwa Macklemore na Ryan Lewis, na Macklemore mwenyewe akamtumia Kendrick ujumbe wa kumwambia kwamba yeye ndiye aliyestahili. Mwaka 2018 Kendrick akapata Pulitzer ya muziki, tuzo ya heshima kubwa Marekani, kwa albamu yake DAMN., tuzo ambayo hadi hapo ilikuwa ya muziki wa klasiki na jazi. Mwaka 2025 wimbo wake "Not Like Us" uliteuliwa katika vipengele 5, ukashinda vyote 5. Mchanaji ni yuleyule.

"Mashabiki hatukupiga kura za kutosha"

Kwa Grammy, shabiki hana kura. Wanaopiga ni wanachama wa Recording Academy, chama kinachotoa Grammy: waimbaji, watunzi, watayarishaji, mafundi wa sauti. Mauzo hayahesabiwi, wala idadi ya watazamaji mtandaoni. Mwanachama hapigi kura kila kipengele pia. Ukiondoa vile vikuu, huchagua vichache vya fani anazozijua. Mchanganyiko hutokana na kwamba tuzo nyingine zina utaratibu tofauti. American Music Awards huamuliwa na mashabiki, na Billboard Music Awards huangalia takwimu za chati. Tuzo za BET, kituo cha televisheni cha Marekani, zina kipengele cha chaguo la watazamaji, na ndicho kilichompa ushindi Eddy Kenzo wa Uganda mwaka 2015 na Rayvanny wa Tanzania mwaka 2017. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, na kura za mashabiki ziliuleta. Kuzitafuta kura hizohizo kwa ajili ya Grammy ni kupoteza bando.

Fedha? Grammy haina hundi. Mshindi hupata sanamu ya gramafoni. Faida huja baadaye, kwenye malipo ya shoo na mikataba, na haiji kwa kila mtu.

Wapo pia wanaosema Burna Boy wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Grammy, mwaka 2021. Si kweli. Miriam Makeba wa Afrika Kusini alishinda na Harry Belafonte mwaka 1966, na kundi la Ladysmith Black Mambazo, nao wa Afrika Kusini, walishinda 1988. Kilicho kipya ni kipengele cha muziki wa Afrika chenyewe, ambacho Tyla wa Afrika Kusini alikifungua 2024 kwa "Water".

"Wimbo wake umeingia Grammy"

Hapa ndipo mashabiki wetu hudanganywa zaidi. Kuwasilisha wimbo ni hatua ya kwanza tu: mwanachama au kampuni iliyosajiliwa hupeleka kazi, nayo huingia kwenye orodha ndefu yenye maelfu ya nyimbo. Kisha wanachama hupiga kura ya kuteua, na wachache wanaobaki ndio walioteuliwa. Kura ya mwisho humpata mshindi. Msanii akibandika bango la kwamba kazi yake inafikiriwa, maana yake iko kwenye ile orodha ndefu. Kushirikishwa nako si kushinda. Sauti Sol wamo ndani ya albamu ya Burna Boy, Twice as Tall, kupitia wimbo "Time Flies", fahari kubwa kwa Kenya, lakini Grammy ya albamu ile ilitolewa kwa jina la Burna Boy.

Kulithibitisha hili ni rahisi. Orodha ya walioteuliwa huwekwa wazi kwenye tovuti ya Recording Academy, kipengele kwa kipengele. Eddy Kenzo alikuwemo humo kwa ajili ya hafla ya 2023, pamoja na Matt B, kwa "Gimme Love". Hakushinda, lakini jina lake liko pale na mtu yeyote anaweza kulisoma.