Pai si 22/7 kamili

Kwenye magrupu ya wazazi wa kidato cha kwanza hapa Dodoma kuna ujumbe unaorudi kila mara kuhusu pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake: "Pai ni 22/7, kwa hiyo inaandikika kama sehemu. Walimu wanaosema haiandikiki wanawachanganya watoto."

Walimu wako sahihi. Chukua karatasi ugawanye 22 kwa 7: utapata 3.142857, kisha tarakimu hizohizo sita, 142857, zinajirudia bila mwisho. Pai yenyewe ni 3.14159265... Zinaachana tangu tarakimu ya tatu baada ya nukta. Tarakimu za pai haziishi wala hazina mzunguko, na tangu 1761 imethibitishwa kwamba hakuna sehemu ya namba nzima iliyo sawa nayo.

Mkanganyiko unaeleweka. Mitihani husema "tumia π = 22/7", na mtoto husoma "tumia" kama "ni". Hata kipimo hakimsaidii. Zungushia uzi mfuniko wa ndoo wenye kipenyo cha sentimita 28: kwa 22/7 mzingo ni 88, kwa pai ni kama 87.96. Tofauti ni theluthi ya milimita tu, uzi wenyewe ni mnene kuliko hapo!

Wengine huongeza kuwa desimali yoyote isiyoisha haiandikiki kama sehemu. Nayo si kweli: 0.333... ni 1/3.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Mtoto anayeuamini ataiweka pai kwenye kundi la namba zinazoandikika kama sehemu, ambalo si lake, na kukosa alama.