Pete ya muhuri: kwa nini picha yake huchongwa kinyume

Katika duka la sonara mmoja hapa Kisumu nilishika pete kuukuu ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki. Ndani ya jiwe kulikuwa na kichwa cha mwanamume, kidogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho, nami nikadhani kimelika. Sonara akachukua kipande cha nta laini, akakandamiza pete, akaiinua. Uso ukatokeza pale kwenye nta, pua na mawimbi ya nywele vyote vipo, sasa ukitazama upande wa pili.

Hiyo ndiyo pete ya muhuri. Picha imezamishwa ndani ya jiwe na kuchongwa kinyume, kama zilivyo herufi za muhuri wa chifu, kwa sababu kazi yake ni kuacha alama. Mchongo wa namna hii huitwa intalio. Ndugu yake ni kameo: fundi hupunguza jiwe pembeni mpaka sura ibaki juu, mara nyingi nyeupe kwenye msingi wa kahawia. Kameo ni pambo tu.

Intalio ilikuwa saini ya mtu. Kaisari Augustus alianza na muhuri wenye sfinksi, mnyama wa hadithi mwenye kichwa cha binadamu na mwili wa simba, akahamia sura ya Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, kisha akatumia sura yake mwenyewe. Nazo hadithi za Kiislamu zinasimulia kwamba Mtume Muhammad alitengenezewa pete ya fedha yenye maneno "Muhammad Rasulullah" alipoambiwa kuwa wafalme hawasomi barua isiyo na muhuri.

Ukiwaona wachongaji wa Tabaka kule Kisii wakilikata jiwe la sabuni kwa panga na kisu, usidhani akiki hukubali hivyo. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Fundi wa kale alizungusha ncha ndogo ya chuma iliyopakwa mafuta na unga wa jiwe gumu zaidi, na ule unga ndio uliokata, chembe kwa chembe. Ubora wa akiki ni kwamba nta haing'ang'anii juu yake, hivyo alama hutoka safi. Mimi husimama hapo kila mara: mtu alichonga nywele za kichwa, kinyume, bila taa ya umeme.

Pete za sarafu, yaani zilizopachikwa sarafu badala ya jiwe, ni jambo jingine, ingawa ujuzi ni uleule. Shika shilingi 20 yenye ndovu, pitisha kidole: picha imeinuka. Imeinuka kwa sababu chapa iliyoigonga ilichongwa kwa kuzama, sawa na intalio. Warumi wenyewe walipachika sarafu za dhahabu kwenye pete, na katika karne ya 19 masonara wa ukoo wa Castellani, mjini Roma, walizirudisha sarafu za kale kwenye vito.

Basi pete moja huweza kuwa na umri wa aina mbili. Muulize muuzaji umri wa sarafu au jiwe, kisha umri wa pete yenyewe. Angalia pia sarafu imeshikwaje: ukingo uliokunjwa kuizunguka hauidhuru, lakini iliyotobolewa au kuchomelewa imeharibiwa, na inauma kuiona. Ukiona mshono ukingoni mwake, huenda ilimiminwa kwenye kalibu, haikugongwa.