Meno ya plastiki, kubemenda na uji wa miezi mitatu: tunayoambiwa huku Mwanza na ukweli wake

Ukijifungua huku kwetu mtoto anakuwa wa mtaa mzima, na mtaa una midomo. Mi nakaa Kirumba nyumba ya kupanga, kwahiyo toka kachanga kameingia ndani mama mwenye nyumba ana lake, mpangaji wa chumba cha mbele ana lake, wifi kaja kutoka Magu na lake, mama mkwe anapiga simu kutoka Ukerewe na lake, na huwezi kuwakasirikia mana hao hao ndo wanakufulia, wanakuchemshia maji, wanambeba mtoto upate kufumba jicho. Shida ni kwamba msaada na dhana vinakuja kwenye kapu moja, ukishapokea inabidi ukae uchambue. Haya ndo niliyoyasikia sana miezi ya mwanzo.

Eti kitovu kikidondokea kwenye uume, mtoto atakuwa hanithi

Ukizaa wa kiume hii utaisikia kabla hata hujatoka wodini. Kuna wamama wanakesha wameshikilia pampasi ili kisije kikadondoka wamelala. Ukweli kile kipande kimeshakauka, hakipiti damu wala hakina mishipa ya fahamu, kidondokee kwenye uume, kwenye paja, kwenye shuka, ni sawa tu. Kwa kawaida kinatoka chenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili hivi. Kinachoniuma ni kwamba mtu anaogopa kitadondokea wapi lakini haogopi kukipaka majivu, mate, mafuta ya kula, wengine mpaka mavi ya ng'ombe, na huko ndo kwenye pepopunda na vidudu vya kuingia kwenye damu. Kiache kikavu, kisafi, kunja pampasi iishie chini yake, basi. Ukiona ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu, kuna usaha, kinanuka, au mtoto kagoma kunyonya, hospitali siku hiyo hiyo.

Eti maziwa hayamtoshi, muanzishie uji

Hii ndo mama lao. Inaanza siku ya kwanza kabisa, yanatoka yale maziwa ya njano kidogo kidogo mtu anakwambia kamua umwage hayo machafu. Jamani hayo ndo yamejaa kinga, na yanatoka kidogo kwa sababu tumbo la kichanga lenyewe ni dogo. Mtoto anatakiwa awekwe kwenye ziwa ndani ya saa moja toka azaliwe. Alafu siku chache za mwanzo anapungua uzito, nayo inatisha, ila karibu wote wanapungua kidogo na ikifika wiki ya pili hivi wengi wanakuwa wamerudi kwenye uzito wao wa kuzaliwa.

Kelele zenyewe zinakuja wiki ya tatu, ya nne. Jioni giza likiingia mtoto ananyonya, anaachia, analia, anataka tena, inaenda hivyo mpaka usiku umekuwa mkubwa, matiti yamelegea unahisi hamna kitu, na wa chumba cha mbele anasema dirishani huyo ana njaa mwenzangu, mpe hata uji mwepesi alale. Kumbe kunyonya mfululizo jioni ni kawaida ya vichanga. Titi linatengeneza maziwa muda wote na linavyonyonywa ndo linazidi, sasa ukimpa uji akalala, titi halijanyonywa, kesho maziwa yanapungua kweli, na hapo jirani anakwambia si nilikwambia.

Na kilio nacho kina ratiba yake. Watoto wengi kinaanza kupanda wiki ya pili, kinafika juu kabisa kwenye wiki ya sita mpaka ya nane, alafu kinashuka, ikifika mwezi wa tatu au wa nne kimetulia. Sasa piga hesabu: umempa dawa ya chango wiki ya nane, au uji mwezi wa tatu, mtoto katulia. Angetulia hata usingempa chochote. Nadhani dhana nyingi za watoto ushahidi wake unatoka hapo hapo, mtu anaapa kabisa mizizi ya bibi ilimponya mwanae, na wala hadanganyi, alimuona kwa macho akitulia, ila alichokiona ni kalenda.

Kama una wasiwasi wa kweli angalia pampasi na mizani. Baada ya siku ya tano hivi mtoto anayeshiba anakojoa mara sita na zaidi kwa masaa 24. Na kliniki akitundikwa kwenye ile kaptula ya mizani, miguu inaning'inia, mayowe mpaka foleni nzima inageuka, nesi akaweka nukta kwenye kadi, ile mistari ikipanda mwezi hadi mwezi ndo jibu lako.

Kuhusu maji, najua joto la huku, hasa hizi nyumba za kwenye mawe ambazo mchana zinachemka. Lakini maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Akiwa na kiu mnyonyeshe. Mpaka miezi 6 ni ziwa tu, labda iwe dawa aliyoandikiwa, na maji unayompa kabla ya hapo ndo njia ya kuhara inapoanzia.

Mnaorudi kazini mjue tu, sheria ya ajira inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na ukirudi una haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi wetu hatuyaombi.

Eti mtoto amebemendwa

Mtoto akikonda kidogo tu, akachelewa kukaa, nywele zikawa nyepesi, macho ya mtaa yanahama kutoka kwa mtoto yanakuja kwa wazazi. Eti baba katoka nje, au wamelala pamoja wakati mtoto bado ananyonya, maziwa yameharibika. Kwa mtazamo wangu hii ina madhara kuliko zote mana mama anaona aibu kumpeleka mtoto kliniki, anajua foleni nzima itamsema, anaishia kununua dawa ya kumchanja au kumuogesha. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hakuna njia yoyote ya manii kufika kwenye titi. Mtoto anayekonda ana sababu, inaweza kuwa chakula hakitoshi, kuharisha kila mara, malaria, kifua kikuu, VVU, tatizo la moyo, na zote hizo zinapimwa.

Ila nisiwasingizie bibi zetu, hawakuokota hewani. Zamani mama akibeba mimba nyingine mtoto ana miezi mitano anaachishwa ziwa ghafla, na kweli anadhoofika, na hakukuwa na sindano wala kijiti cha uzazi wa mpango. Hata leo wataalamu wanashauri zipite walau miezi 24 toka ujifungue ndo ubebe nyingine. Kunyonyesha kwenyewe kunazuia mimba vizuri kabisa ila masharti ni matatu na yote yatimie: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila kitu kingine, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika katafute njia nyingine. Na kuhusu baba kutoka nje, cha kuogopa hapo ni VVU, mana mama akipata maambukizi mapya huku ananyonyesha virusi vinakuwa vingi sana mwilini na hatari kwa mtoto inapanda. Pimeni wote wawili.

Eti ana meno ya plastiki

Mtoto ana miezi minne mitano, ana homa, anaharisha, mate yanachuruzika. Anakuja mtu anamshika kidevu, anavuta mdomo wa chini kwa kidole gumba, anakuonyesha vivimbe vyeupe kwenye fizi, pembeni kidogo ya pale meno ya mbele yatakapotokea. Unayaona? Ya plastiki hayo, yasipotolewa yanaua. Na mtoaji yupo, anatumia wembe, msumari, wengine spoku ya baiskeli.

Vile vivimbe ni chonge za utotoni, bado laini, ziko ndani ya fizi zinasubiri zamu yake. Kila mtoto anazo, hata huyo anayekuonyesha alikuwa nazo. Zikichokonolewa mtoto anapoteza damu nyingi, anaweza kupata pepopunda, maambukizi ya damu au VVU kwa kile chuma kilichopita kwenye vinywa vya wengine, na hata meno ya ukubwani yanaweza kuota yameharibika au yasiote kabisa. Na wakati wote huo kuhara kunaendelea, kumbe kinachomaliza mtoto ni kuishiwa maji mwilini. Mnyonyeshe zaidi, kimbia kituo cha afya upate ORS (ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji) na zinki, homa ipimwe malaria. Jino linaloota linaweza kumfanya asumbue na kutafuna kila kitu lakini haliwezi kuleta homa kali wala kuharisha kwa siku tatu.

Kimeo ni hadithi hiyo hiyo, eti kikohozi hakiishi kwa sababu kimeo kirefu, kikatwe. Usikubali. Mtoto anayekohoa mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima: chini ya miezi miwili ikifika 60, au miezi miwili mpaka kumi na mbili ikifika 50, inaweza kuwa nimonia na hapo unakimbia. Hata bila hesabu, kifua kikiwa kinabonyea kwa ndani akivuta pumzi, usimalize hata chai.

Eti wa jirani ameshakaa, wako bado

Hapa mashindano sasa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya nzuri wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na ukiona zile tofauti unacheka. Kukaa bila kushikwa, wapo waliokaa karibu na miezi minne na wapo waliokaa miezi tisa. Kutambaa, kuanzia mitano na kitu mpaka kumi na tatu na nusu. Kutembea mwenyewe, minane mpaka kumi na saba na nusu. Na karibu watoto wanne kwa kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, walitembea tu! Wote hao wazima. Aliyezaliwa kabla ya muda unamhesabia kutoka tarehe aliyotakiwa kuzaliwa.

Kigari cha matairi hakimuwahishi kutembea, kinaweza hata kumchelewesha, na ngazi na majiko ya mkaa yako pale pale. Canada walivipiga marufuku toka 2004. Cha bure ni mkeka chini, mlaze kifudifudi akiwa macho na unamuangalia, shingo na mgongo vikomae. Kulala usingizi alale chali. Kumbeba mgongoni na kanga hakuleti matege wala pampasi haileti matege, miguu ya kichanga imepinda yenyewe na inanyooka taratibu, kwa wengi kufikia miaka miwili.

Cha kukupeleka kliniki mapema ni hivi: miezi mitatu hajawahi kukuchekea, miezi minne shingo bado haishiki, miezi tisa hawezi kukaa hata kidogo, anatumia mkono mmoja tu, hashtuki kwa kelele, au kitu alichokuwa anaweza sasa hawezi.

Eti kichocho ni cha wavuvi

Wamama wa ufukweni hii ni yetu. Maji ya ziwa yanachotwa, yanamwagwa kwenye beseni, mtoto anaogeshwa, na hakuna anayefikiria kichocho mana hajaingia ziwani. Vile vidudu vinatoka kwa konokono vinaelea kwenye maji na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, kwahiyo ziwa limemfuata nyumbani. Watoto wa kandokando ya Victoria wamepimwa wakakutwa nacho hata kabla ya kufikisha mwaka. Na usisubiri mkojo wa damu, mana huku ufukweni kinachotawala ni kile cha tumbo, dalili zake kuumwa tumbo, kuharisha, choo chenye damu. Chemsha maji ya kuogea yapoe, au yaache kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili. Ipo pia dawa ya kichocho iliyotengenezwa maalum kwa wadogo kuanzia miezi mitatu, ilipata kibali cha kitaalamu cha mamlaka ya dawa ya Ulaya mwishoni mwa 2023.

Eti mayai na samaki mpaka aongee

Akifika miezi 6 sasa ndo wanaokwambia umpe uji wa miezi mitatu wanageuka, eti yai litamchelewesha kuongea, samaki atamletea minyoo. Miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi tena, hasa madini ya chuma, na ushauri wa dunia nzima ni yai, samaki au nyama kila siku ikiwezekana. Yai liive kabisa. Na sisi tuna bahati, soko la Mwaloni hapo chini dagaa wamejaa. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, hawa wa kuanikwa chini wana mchanga mpaka kwenye macho. Waoshe kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, kausha tena, kaanga bila mafuta, saga na kichwa chake, chekecha. Kijiko cha huo unga kwenye uji mzito au viazi vilivyopondwa, uji wenyewe usidondoke kwenye kijiko kama maji. Na ule unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili acheni, mahindi na karanga zilizokaa vibaya zina sumukuvu, yani sumu ya ukungu, na ukichanganya vyote huwezi hata kujua kipi kimemkataa mtoto. Unaanza vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili tatu kwa siku, na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi.